Binti yangu haoni vizuri, na nyumba yetu imekuwa mtego

*Shikamoo shangazi. Nina binti wa miaka 16, presha ya macho imemwacha na uoni hafifu tangu mwaka jana. Tunaishi Mbagala kwenye nyumba aliyotuachia marehemu mume wangu, choo kiko uani. Mwezi uliopita alitumbukia mtaroni usiku, akachubuka mguu mzima. Tangu hapo namsindikiza chooni kila saa, na jikoni nimemkataza. Sasa ameninunia, hanisemeshi. Fundi anataka milioni 4 anijengee choo cha ndani na kuweka vigae nyumba nzima. Jirani ananishauri nikope. Hivi Serikali haina fungu la kurekebisha nyumba za watoto kama hawa? – Mama wa Mbagala*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama palepale, hapo unapomsindikiza chooni. Miaka 16! Huo ndio umri ambao msichana anaficha hata kitambaa chake cha hedhi asikione mtu. Sasa kila akibanwa na haja lazima atangaze, amsubiri mama avae kanga, atembee nyuma ya tochi. Mimi nadhani hakununii kwa sababu ya macho. Ananuna kwa sababu amerudishwa utotoni.

Kwa hiyo kabla ya hela, fanya jambo moja usiku wa leo. Mwambie akutembeze yeye kutoka kitandani mpaka chooni. Wewe nyamaza, beba daftari. Kila anaposita, muulize amesita kwa nini, andika. Utashangaa. Pengine mtaro ndio adui mmoja tu, na maadui wengine ni ndoo za wapangaji, kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa usawa wa shingo, na mlango unaoachwa nusu wazi. Mlango kwa mtu wa uoni hafifu uwe wazi wote au ufungwe wote. Ukiwa nusu, ncha yake haionekani, inamngoja usoni.

Nayasema haya nikimkumbuka mama yangu mzazi. Alimalizia uzee wake kwangu, jicho moja limezimika, la pili linaona vivuli. Siku moja nilimaliza kufua nikaiacha ndoo kizingitini. Nilisikia kishindo nikiwa jikoni. Nilimkuta amekaa chini, kanga imelowa, anashika goti. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, kila kitu kikae kwake." Ndoo ile nilipigilia msumari wake ukutani siku hiyohiyo.

Vigae, tafadhali, achana navyo. Vinavyong'aa hurudisha mwanga machoni na kumchanganya mtu ambaye macho yake tayari yanahangaika, na vikilowa vinateleza. Sakafu yako ya saruji ni nzuri kuliko unavyodhani. Inachohitaji ni rangi nyeupe au ya njano kwenye ncha za ngazi na kizingiti, taa inayowaka vizuri uani na nyingine chooni, mfuniko wa zege juu ya mtaro, na bomba au kamba imara ya kushika kutoka mlangoni mpaka chooni. Umwite fundi mwingine akupigie hesabu ya hayo tu. Haitafika popote karibu na milioni 4. Choo cha ndani kisubiri.

Na jikoni mrudishe. Wali mpakulie kwenye sahani ya rangi iliyokolea. Kwenye sahani nyeupe anakula kwa kupapasa. Chumvi na sukari vikae kwenye makopo yasiyofanana. Kisu kiwe na mahali pake. Ataungua kidogo siku moja, kama ulivyoungua wewe na mimi tulipojifunza kupika.

Sasa hela. Dirisha moja la kwenda kujaza fomu ukapewa fedha za kurekebisha nyumba, usilitafute, utachosha miguu bure. Lakini mtoto wako hayuko nje ya sheria. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, namba 9 ya mwaka 2010, imeipa halmashauri wajibu wa kulinda haki na ustawi wa watu kama yeye. Anza kwa mtendaji wa mtaa: mwandikishe, omba barua ya utambulisho. Barua hiyo, cheti cha daktari wa macho na makadirio ya fundi yaliyoandikwa bei moja moja, vipeleke kwa afisa ustawi wa jamii wa Manispaa ya Temeke. Usiende na kilio kitupu. Mtu akiona "mifuniko ya zege 6, taa 2, rangi kopo 1" anajua asaidie kipi. Akisikia "nyumba haifai" anakupa pole tu. Karatasi hiyohiyo ipeleke kanisani au msikitini kwenu, na kwenye kikoba chako. Kama kaya yenu imo tayari kwenye mpango wa TASAF, ule mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, waeleze pia kwamba hali ya mtoto imebadilika.

Watafute na Chama cha Wasioona Tanzania, TLB. Fimbo nyeupe si ya asiyeona kabisa peke yake. Mwenye uoni hafifu nayo humfaa, hasa usiku, ila afundishwe kuitumia. Kuelekea tarehe 15 Oktoba, Siku ya Fimbo Nyeupe, wafadhili huwa na mwamko zaidi, usikae kimya wakati huo. Zaidi ya fimbo, binti yako akutane huko na watu wazima wasioona wanaofanya kazi na kulea watoto. Hilo mimi na wewe hatuwezi kumpa.

Kuhusu kukopa. Mkopo wa halmashauri kwa watu wenye ulemavu, unaotoka kwenye asilimia 2 ya mapato yake ya ndani, hauna riba, lakini ni wa biashara na unarejeshwa. Mtaro hauzalishi marejesho. Na huyo jirani, kama anazungumzia kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kali, mkatalie. Nimeshasoma barua nyingi za wanawake waliochukuliwa makochi na majiko kwa laki mbili. Atakayetaka kumpiga picha mtoto aombee michango mtandaoni, naye mkatalie, labda binti mwenyewe aridhie na hela iingie mikononi mwako.

Jambo ambalo hukuliuliza, na ndilo nakusihi zaidi: dawa zake za matone zisikatike hata siku moja kwa sababu ya saruji. Presha ya macho ikishachukua, hairudishi, ila dawa hulinda kilichobaki. Na kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ukoo, wadogo zake wapimwe, na wewe mwenyewe pia. Hospitali ya CCBRT pale Msasani wana kitengo cha macho.

Mtaro ukishafunikwa, lala. Ukisikia mlango wa uani unafunguliwa usiku wa manane, bana tochi yako chini ya mto, usitoke. Kisha niandikie, na safari hiyo mwachie binti naye mistari michache ya kwake.