Re: Nani hasa mtayarishaji wa The Price Is Right?

Habari ndugu. Umekwama kuhusu The Price Is Right, mchezo wa televisheni wa Marekani wa kukisia bei za bidhaa, kwa sababu huku wanamtaja Bob Barker kuwa mtayarishaji, kule Mark Goodson. Nami nilinaswa hapohapo nikiandaa maswali ya chemsha bongo mtaani kwetu.

Anza na miaka. Kipindi kilianza 1956 kwenye kituo cha NBC, mtangazaji akiwa Bill Cullen. Barker alikuja kukitangaza 1972 kiliporudi kupitia kituo cha CBS. Cheo cha mtayarishaji mkuu alikipata 1988, ndiyo maana watu wanachanganya. Kampuni iliyokitayarisha ilikuwa ya Goodson, mzaliwa wa Sacramento, na mwenzake Bill Todman aliyefariki 1979. Family Feud, mchezo mwingine wa televisheni, nayo ilikuwa yao.

Ukipata kanda ya zamani, usizime mapema: majina yao yanapita mwishoni, harakaharaka, makofi yakiendelea.