Wasomaji Wauliza: Baiskeli kwenye Njia za Machimbo ya Dhahabu

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Kisumu. Sisi ni kikundi cha marafiki tunaoendesha baiskeli kila Jumamosi, na tumechoka kusukumwa ukingoni na malori kwenye barabara ya lami. Tumesikia kwamba kuna vijia vitulivu vya changarawe kuanzia mjini Kakamega, kupitia Rosterman, hadi Ikolomani, katika maeneo yaliyochimbwa dhahabu enzi za ukoloni. Hata hivyo, wazee wawili wenye asili ya huko wametuonya kuhusu mashimo. Je, twende au tuache? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Nendeni, lakini wasikilizeni wazee hao, kwa sababu wanaijua ardhi yao. Dhahabu ilipogunduliwa karibu na Kakamega mwaka 1931, walowezi wengi waliokuwa wameumizwa na kuporomoka kwa bei za mazao walimiminika huko. Mwishoni mwa mwaka 1932, serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria iliyokuwa imeipitisha mwaka 1930 ya kulinda ardhi ya Waafrika, ili machimbo yaweze kuanzishwa bila wenyeji kupewa ardhi nyingine badala ya ile waliyonyang'anywa. Mgodi wa Rosterman, ambao ndio uliokuwa mkubwa kuliko yote, ulifungwa mwaka 1952. Wenye kampuni walipoondoka, mashimo yalibaki, na wenyeji wameendelea kuchimba kwa sululu, nyundo na kamba mpaka leo. Kwa hiyo, japo tunaziita njia za machimbo ya zamani, mtakuwa mnapita katikati ya watu walio kazini, tena mara nyingi ndani ya mashamba yao wenyewe.

Shimo linalochimbwa sasa ni rahisi kulitambua: mdomo wake ni mwembamba, umezungushiwa magogo ya mkaratusi, na juu yake kuna kamba, ndoo na vijana wanaozungumza na wenzao walio chini. Linalonitia hofu zaidi ni lile lililoachwa. Magogo yake yameoza, nyasi zimelifunika, na udongo unaolizunguka hulegea kila mvua kubwa inaponyesha, kiasi kwamba ukingo ulioonekana imara wiki iliyopita unaweza kubomoka chini ya gurudumu. Alama ya kuitegemea ni rundo la mawe meupe yaliyovunjwavunjwa, kwa kuwa kilichotolewa chini ya ardhi hutupwa karibu na pale kilipotolewa. Mkiliona rundo kama hilo kando ya kijia, shukeni, zisukumeni baiskeli, na msiiache njia kuu hata kama kuna uwanda wa majani mabichi unaoonekana kuwa njia ya mkato. Fuateni kijia chenye nyayo na alama mpya za tairi. Njia ambayo watoto wa shule na akina mama wenye mizigo wanaipita kila siku ndiyo njia salama, na ikiwa wenyeji wameanza kukizunguka kijia fulani, bila shaka wana sababu. Ulizeni kwenye kila kituo, hata kama mna ramani kwenye simu, maana ramani haijui kilichobomoka juzi.

Ondokeni mjini kunapopambazuka. Kakamega ni sehemu yenye mvua nyingi, na kwa kawaida mvua hiyo huja alasiri pamoja na radi kali. Aliye juu ya baiskeli kwenye kilima kisicho na kitu kirefu kumzidi hana pa kujificha, kwa hiyo hakikisheni mmemaliza safari kabla ya saa nane mchana. Desemba hadi Februari ndiyo miezi yenye ukavu wa kutosha.

Jambo jingine, ambalo wageni hawalitarajii, ni fahali. Waisukha na Waidakho wana mchezo wa kupiganisha fahali, na asubuhi ya mchezo huo fahali husindikizwa barabarani na umati unaokimbia kwa mdundo wa isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 miongoni mwa turathi zinazohitaji kulindwa kwa haraka. Mkisikia ngoma hiyo ikiwajia, shukeni mapema, ingieni kwenye lango la boma lolote na kusimama nyuma ya ua mpaka wapite. Msipige kengele, wala msijaribu kupenya.

SWALI: Nilinunua baiskeli ya mtumba yenye usukani uliopinda na tairi za milimita 32. Kwenye lami inakwenda vizuri sana, lakini kwenye changarawe inaniruka-ruka, inateleza kwenye kona, na tyubu hupasuka kila mara. Fundi wa kituoni kwetu anasema hana tyubu inayoifaa. Tatizo ni baiskeli au ni mimi? – Mwalimu, Vihiga

JIBU: Mwalimu, tatizo ni tairi. Tairi nyembamba lazima ijazwe hewa nyingi ili tyubu isibanwe kati ya jiwe na rimu, na tairi ngumu hivyo haiwezi kulikumbatia jiwe, bali hulidunda. Hebu ichunguze tyubu iliyopasuka. Ukiona matundu mawili madogo yanayokaribiana, ujue imebanwa, haikuchomwa na mwiba. Pima nafasi iliyopo kati ya tairi na fremu, na ikiruhusu, weka tairi za milimita 40 hadi 45 huku ukibakiza milimita kadhaa kila upande kwa ajili ya matope. Mtu wa kilo 70 hivi anayetumia tairi ya milimita 45 yenye tyubu anaweza kuanza na hewa ya pauni 35 hadi 40 kwa inchi ya mraba, ya mbele ikiwa pungufu kidogo kuliko ya nyuma, kisha aongeze au apunguze kulingana na anavyohisi njiani. Soma pia ubavuni mwa tairi, kwani kiwango cha juu na cha chini huandikwa hapo.

Kuhusu kuteleza, punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu zaidi, lakini ukiikaza gurudumu likiwa limelazwa juu ya changarawe, utaanguka kabla hujajua kilichotokea. Ingia kwenye kona ukiwa umekwisha kufunga breki, legeza viwiko, na utazame mbali, mahali unapokwenda, badala ya kulikodolea macho jiwe unalotaka kulikwepa.

Fundi wako anasema kweli, na inafaa ujue sababu. Baiskeli kubwa nyeusi tulizozizoea vijijini hutumia tairi ya inchi 28 kwa moja na nusu, ambayo rimu yake ina kipenyo cha milimita 635, ilhali rimu yako ina milimita 622, ingawa zote mbili huitwa za inchi 28. Tairi ya moja haikai kwenye nyingine. Tyubu yake ingeweza kukuokoa, kwa kuwa mpira unavutika, lakini mdomo wake wa hewa ni mnene na pengine hautapenya kwenye tundu la rimu yako iwapo ilitengenezewa mdomo mwembamba. Beba tyubu mbili zako mwenyewe, viraka na gundi, pamoja na kile kifuniko kidogo cha shaba kinachowezesha mdomo mwembamba kupokea pampu ya kawaida. Ukiwa nacho, fundi yeyote wa kituoni ataweza kukujazia hewa. Umuhimu wa mafundi hao kwa mwendesha baiskeli ni mkubwa kuliko kifaa chochote cha bei ghali, na ninawashukuru.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Ikolomani. Husaga mawe na kuosha mchanga pamoja na majirani zangu ili kupata karo ya watoto. Siku hizi vijana wa baiskeli hupita mbio mbele ya nyumba, hutupiga picha bila salamu, kisha huondoka. Je, hiyo ni haki? – Mama wa watoto wanne

JIBU: La, mama, si haki, na ninaomba kila msomaji wa safu hii mwenye baiskeli alisome swali lako mara mbili. Kijia kinachopita kati ya jiko na shamba ni ua wa mtu. Anayekipita anapaswa kuendesha polepole, asalimie, na ashuke penye watoto, kuku au mawe yaliyoanikwa. Picha inahitaji ruhusa, na akikataliwa, ayakubali majibu hayo bila kubishana. Kwa wachimbaji hitaji hilo si la adabu tu. Wengi wao hawana leseni kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya mwaka 2016, na picha inayoonyesha uso wa mtu pamoja na shimo lake ikisambazwa inaweza kumletea taabu ambayo mpiga picha hataijua kamwe. Wapanda baiskeli wanaotaka kukaribishwa tena wanunue chai, ndizi na maandazi hapohapo, badala ya kubeba kila kitu kutoka mjini.

SWALI: Tunapanga kwenda Macalder, kutoka mjini Migori. Je, tunaweza kutumia maji ya vijito tukiyachemsha? – Wanafunzi wawili, Kisumu

JIBU: Hapana. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi zebaki wala metali nyingine, na dawa ya klorini haiziondoi pia. Mgodi wa Macalder, uliotoa shaba na dhahabu, ulifungwa mwaka 1966, lakini mchanga wa mabaki yake bado upo, na uchimbaji mdogo unaendelea katika eneo zima la Nyatike. Wachimbaji huchanganya zebaki na mchanga ili inase dhahabu, kisha huichoma, na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo msisimame upande unakoelekea upepo penye moto wa aina hiyo. Msikaribie pia mabwawa na matangi ya kusafishia madini, kwani baadhi yake hutumia sianidi. Huko ni kukavu na kuna joto kuliko Kakamega, na migunga ina miiba mirefu. Kila mmoja abebe lita tatu za maji, nanyi muongeze maji ya chupa kwenye kila duka, na kama tairi zenu hazina tyubu, zitieni dawa ya kuziba matundu kabla hamjatoka Migori.