Insha ya hoja: utangulizi uandikwe mwisho

Insha nyingi huharibika kwenye sentensi ya kwanza. "Kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu" inafaa kufungulia insha elfu moja, ndiyo maana haifai kufungulia hata moja. Anza na msimamo, yaani sentensi moja ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuibishia. Tuchukue viazi vya Uporoto, kwenye milima ya Mbeya, na lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake. "Lumbesa ni mbaya" haina wa kuibishia. "Mkulima naye anashiriki kwenye lumbesa" inao, tena wengi.

Kisha kusanya vitu vinavyoshikika: gunia lililojaa hadi mdomoni, kilemba kilichoshonewa juu kwa kamba, bei inayotajwa kwa gunia badala ya kilo. Aya moja ibebe hoja moja. Kwa insha ya maneno 600, tenga 60 za utangulizi, aya tatu za hoja zenye maneno 120 kila moja, 120 za pingamizi na 60 za hitimisho.

Kwenye pingamizi ndipo mwandishi hujulikana. Mpe mkulima nafasi aseme: lori linasubiri barabarani, mvua inakuja, viazi vimeshachimbwa, akikataa kilemba, dalali anahamia shamba la jirani. Mwandishi mvivu humzima kwa "hata hivyo" kisha anaendelea na yake. Wewe kubali alichosema kweli, halafu rekebisha msimamo: "Mkulima anashiriki kwenye lumbesa kwa sababu anauza peke yake, hana ghala wala mizani." Sasa una insha. Na kwa kuwa msimamo umehama, utangulizi ulioandikwa mapema ungekuwa unatangulia insha nyingine.

Kurudi nyuma namna hiyo si udhaifu. Montaigne, Mfaransa aliyechapisha insha zake mwaka 1580, aliendelea kuziongezea maneno pembeni mwa kurasa zilizokwishachapwa, karibu hadi kufa kwake mwaka 1592.

Methali iwe moja, na iwe na kazi. (Tatu ni mapambo, na msahihishaji anajua.) Futa "ikumbukwe kwamba" na "kwa hakika" popote zilipo, kisha soma kwa sauti, pumzi ikikata katikati ya sentensi, igawe.

Hitimisho lisirudie hoja. Liseme kinachofuata msimamo ukikubaliwa: kwa viazi vyetu, mizani ya kijiji ikae wapi, na nani aishike.