Papa, usingoje pensheni

Unauliza kama mtu wa miaka 52, fundi umeme mwenye watoto shuleni, ni mjinga kutaka kufua picha kwenye bamba za shaba sasa, badala ya kungoja pensheni. Hapana, Papa. Anza mwaka huu.

Hapa Lubumbashi tunajua kazi inavyoweza kuisha. Mwaka 2003 zaidi ya wafanyakazi 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali ya Kongo, waliondoka kwa mpango wa hiari uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Aliyekuwa tayari na ufundi mwingine alikuwa na pa kushika.

Tena kazi hii ya shaba inadai macho na vidole. Shaba ukiipiga nyundo inakuwa ngumu, lazima uirudishe motoni ilainike, ndipo uendelee, na mkono hujifunza polepole sana. Ukianza na miaka 60, nani amekuahidi macho?

Lakini kazi ya umeme usiiache, minervali, yaani karo ya watoto, haingoji! Tafuta fundi mzee akupokee Jumamosi mchana, ununue bamba moja jembamba na nyundo ndogo. Na mama watoto umwambie mapema, kabla kelele hazijaanza uani.