Kabla Hujaiandika Barua, Ujue Inakwenda Mlango Gani

Kila mwaka jumuiya yetu hapa Pemba huwapokea vijana wachache waliomaliza vyuo, wanaokuja kujitolea katika kazi ya utetezi wa haki, amani na maendeleo. Wengi wao huingia wakiwa wamelihifadhi Azimio la Haki za Binadamu la 1948, huweza kuyataja Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu kwa mpangilio wake, na wiki ya kwanza haijesha huwa wameshaandaa rasimu ya barua kwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Siwacheki, kwa sababu na mimi niliingia hivyo hivyo. Ninayoyaandika hapa ndiyo ambayo ningependa kuambiwa siku ile, na mengi yake yanahusu jambo moja ambalo sikulifundishwa darasani: kila waraka una mlango wake, na waraka uliopelekwa mlango usio wake huweza kukaa bila ya jibu, au ukamdhuru yule yule uliyetaka kumsaidia.

Nianze na milango ya nyumbani, maana hapo ndipo nilipopotea mwanzo. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963, na siku sita baadaye ikapokelewa kuwa mwanachama wa Umoja wa Mataifa kwa jina lake yenyewe. Baada ya Muungano wa tarehe 26 Aprili 1964 kiti hicho na kile cha Tanganyika vikawa kimoja, na tangu hapo mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na mikataba ya kimataifa huridhiwa na Bunge la Jamhuri. Kijana akishalijua hilo huamini kwamba kila jambo lenye neno “mkataba” ndani yake ni la Dodoma. Siyo hivyo. Mkataba huridhiwa kwa jina la Jamhuri ya Muungano, lakini ikiwa jambo lenyewe si la Muungano, basi sheria ya kuutekeleza huku visiwani hupitishwa na Baraza la Wawakilishi pale Chukwani. Mkataba wa Haki za Mtoto uliridhiwa mwaka 1991. Bara wakatunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009, nasi tukatunga yetu, Namba 6 ya 2011. Mimi niliwahi kuandika barua tatu, kwa muda wa miezi minne, nikiinukuu sheria ya Bara katika shauri la mtoto wa Wete. Mtu wa ofisi moja aliyenionea huruma ndiye aliyenipigia simu kuniambia kwamba vifungu nilivyovitaja havimhusu mtoto yule hata kidogo.

Umbali kati ya kuridhia na kutunga sheria ndio shamba letu la kulima. Tanzania iliuridhia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake mwaka 1985, na mwaka huo huo Zanzibar ikapitisha sheria iliyoruhusu kumfunga msichana ambaye hajaolewa anapopata ujauzito. Hadi mwaka 2005 ndipo sheria nyengine ilipoiondoa adhabu ya kifungo na kuweka ya kuitumikia jamii mahala pake. Ni miaka 20 mizima ambayo saini ilikuwapo na wasichana bado wakiingia hatarini. Mwenye kusoma orodha ya mikataba iliyoridhiwa akadhani amesoma hali ya nchi, amesoma jalada la kitabu tu.

Sasa niwaeleze kisa ambacho kilinifunza zaidi ya semina zote nilizohudhuria. Miaka kadhaa iliyopita alikuja ofisini kwetu mzee mmoja aliyevuka kwa mashua kutoka pwani ya Kenya, kuja kuwazika jamaa zake na kutafuta msaada kwa wakati mmoja. Baba yake alitoka upande wa Micheweni, akenda dago, yaani kambi ya wavuvi wanaofuata samaki kwa misimu, na upepo ulipogeuka hakurudi. Akaoa huko, akazaa huko, akafa huko. Wapemba wa namna hiyo wapo wengi katika pwani ya Kilifi na Kwale, na kwa vizazi kadhaa waliishi bila ya kitambulisho cha nchi yoyote. Mzee alikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi wa nyavu. Alizitoa karatasi moja moja akazipanga mezani, na kwa kuwa feni ilikuwa ikizipeperusha akaweka juu yake kikombe cha chai nilichomkaribishia: risiti za ushuru wa samaki, risiti za ada ya skuli za watoto, kadi za kliniki zilizokunjika hadi zikachanika katikati.

“Mwanangu,” aliniambia, “karatasi zote hizi zinasema nimelipa. Hakuna hata moja inayosema mimi ni nani.”

Mimi, kwa ari niliyokuwa nayo, nilikwishafungua kompyuta. Niliona jambo jepesi: tutamwendea sheha, yaani kiongozi wa serikali wa ngazi ya chini, wa kijiji alichotoka baba yake, tupate barua yenye muhuri isemayo kwamba ukoo huu unajulikana na kwamba huyu ni Mpemba wa asili, naye arudi nayo Kenya akaioneshe. Barua niliiandika ukurasa mzima, na nilipomaliza nilimpa mwenzangu, msaidizi wa sheria aliyenitangulia kazini kwa miaka mingi, aisome kabla hatujampakia mzee katika gari ya Konde. Aliisoma, akaniuliza taratibu: “Hii itakwenda kuoneshwa nani?”

Hapo ndipo aliponifahamisha nilichokuwa karibu kukifanya. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya ya mwaka 2011 iliwafungulia njia watu wasio na uraia walioishi nchini humo mfululizo tangu tarehe 12 Disemba 1963, pamoja na vizazi vyao, lakini kwa sharti kwamba mwombaji asiwe na dai la uraia katika nchi nyengine. Mkataba wa 1954 unaohusu watu wasio na uraia nao unamtambua mtu wa namna hiyo kuwa ni yule asiyehesabiwa na dola yoyote kuwa raia wake kwa mujibu wa sheria zake. Barua yangu, pamoja na mapenzi yote yaliyokuwamo, ingemwambia ofisa wa Kenya kwamba mzee huyu anayo nchi yake, na aende huko. Na upande wetu isingemfaa kitu, kwa kuwa yeye hakuja kutafuta uraia wa Tanzania. Wake zake, watoto, wajukuu na chombo chake vyote viko ng'ambo, na sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili.

Tulifanya nini badala yake? Mwenzangu alimuuliza mzee mambo ambayo mimi sikuyafikiria: baba alizikwa makaburi gani huko, nani walikuwapo mazikoni, mkunga gani aliwapokea watoto, mwalimu gani wa madrasa bado yu hai. Walikaa kitako kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, na mzee akaondoka na orodha ya ukoo wake, jina kwa jina, pamoja na majina ya mashahidi wa huko huko anakoishi, ili aipeleke kwa mashirika yaliyokuwa yakiishughulikia kazi hiyo katika pwani ya Kenya. Ile barua yangu haikupelekwa kwa sheha.

Jambo lenyewe lilichukua miaka. Mwaka 2016 Wamakonde wa Kwale walikuwa wametembea kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho vyao, wakapata. Wapemba walifuatilia kwa njia zao, pamoja na mashirika ya haki za binadamu na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, hadi Julai 2023 Rais William Ruto alipowatambua huko Kilifi kuwa ni miongoni mwa jamii za Kenya. Vijana huniuliza kipi kilichofanya kazi, maandamano au mikataba. Maoni yangu ni kwamba bila ya kujulikana waombaji ni nani na nani, hata tamko la Rais lisingekuwa na majina ya kuyatia katika vitambulisho.

Baada ya mlango kuna saa ya kufungwa mlango, na hili nitalisema kwa ufupi ingawa lilinigharimu. Katika Mahakama ya Afrika Mashariki huko Arusha, mwananchi anaweza kufungua shauri bila ya kumaliza kwanza ngazi za mahakama za ndani, jambo ambalo huwavutia wengi. Lakini Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki umempa miezi miwili tu tangu tendo lilipofanyika au tangu alipolijua. Sisi tuliwahi kulipoteza shauri zuri kwa sababu ya adabu. Tuliandika barua ya malalamiko kwa ofisi husika tukangojea jibu kwa heshima, na jibu lilipofika siku zilikuwa zimekwisha. Andikeni barua, lakini hesabuni siku kuanzia tendo, msizihesabu kuanzia jibu.

Kuhusu Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo nayo iko Arusha, msidanganywe na vitabu vya zamani vilivyomo kabatini mwetu. Tanzania ilitoa tamko la kuwaruhusu watu binafsi na jumuiya kuishitaki moja kwa moja mwaka 2010, ikalitengua Novemba 2019, na utenguzi huo ukaanza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Kwa shauri jipya, njia iliyobaki wazi kwa mtu wa kawaida ni Tume ya Afrika iliyoko Banjul, ambako sharti la kumaliza kwanza ngazi za ndani lipo. Kwa hiyo jalada la mahakama ya wilaya, na hukumu yake yenye muhuri, si karatasi ya kutupwa.

Kuhusu amani nina maneno machache zaidi, kwa kuwa hapa kwetu neno lenyewe limechoka. Mtu aliyeyaona ya Januari 2001, watu walipouawa katika maandamano na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni, pwani ya Kenya, wakawa wakimbizi kwa maana kamili ya sheria ya kimataifa, hahitaji semina ya kumwambia amani ni nini. Anachohitaji ni kukuamini. Maridhiano ya Novemba 2009, na kura ya maoni ya tarehe 31 Julai 2010 ambapo zaidi ya asilimia 66 walikubali serikali ya umoja wa kitaifa, yalionesha kwamba watu wa hapa wako tayari wanapoulizwa. Lakini nimehudhuria vikao vingi ambamo neno “amani” lilitumika kumkalisha chini mtu aliyekuwa akiuliza swali. Ukiwa mwendesha kikao, usilitumie hivyo.

Na kuna jambo dogo ambalo wageni hawalioni. Pemba watu hutazama unakunywa kahawa wapi. Kila kijiji kina maskani zake, yaani baraza za watu kukaa na kuzungumza, kila maskani ina rangi yake ya chama, na ukikaa mara mbili kwenye maskani moja kabla hujakwenda kwa sheha, ukaenda na msikitini na sokoni, basi umeshajiandikisha bila ya kujua. Mimi hunywa kahawa sokoni nikiwa nimesimama. Naambiwa ni uoga. Huenda ni kweli, lakini milango ya pande zote bado hunifungukia. Haya ya posho za vikao nayo yana ugomvi wake, ila hayo mtayajua wenyewe mwezi wa kwanza.

Nimalizie na ripoti. Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa, Geneva, huzipitia nchi zote kwa zamu, kila baada ya takriban miaka minne na nusu; Tanzania ilipitiwa mwaka 2011, 2016 na 2021. Jumuiya za kiraia huruhusiwa kupeleka taarifa zao, lakini ikiwa jumuiya iko peke yake kikomo ni maneno 2,815. Rasimu yetu ya kwanza ilizidi 9,000. Tulianza kwa kuzifuta hotuba, tukafuta kila sentensi iliyoanza na “inasikitisha kwamba”, kisha tukafuta kila dai lisilo na tarehe, mahala na namna lilivyothibitishwa. Kilichobaki kilikuwa kidogo na kigumu kukipinga. Lugha ya kupelekea ni moja kati ya lugha rasmi za Umoja wa Mataifa, na Kiswahili hakimo, kwa hiyo mnapaswa kuitafsiri upya na kuirudisha kwa waliokupeni habari, kwa Kiswahili chao, barazani kwao. Wafadhili hawaigharamii safari hii kila mara. Endeni hata hivyo.

Sisi tuliirudisha katika shehia moja ya Micheweni. Nilisoma kurasa zote, watu wakasikiliza kwa utulivu, na nilipomaliza mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akiukunja ukili akauliza: “Na kisima chetu kimo?” Hakikuwamo. Kilikuwamo katika rasimu ya kwanza, kikafutwa pamoja na yale maneno 6,000, kwa sababu mashine ya kisima kimoja si jambo la Geneva. Nilimwambia hivyo hivyo bila ya kuzunguka. Akanitazama kidogo, akasema, “Basi mngekipeleka kunakohusika, tangu mwaka jana.” Jumatatu yake tulikwenda naye mamlaka ya maji, na barua ya nusu ukurasa.