Maji yametoka kama pamba na ukuta umeungua: shata ngapi kwa mito ya makorongo ya Utah?

SWALI: Kaka, za kazi? Naishi Salt Lake City, juzi tulishuka hifadhi ya Zion na mke na watoto, nikapiga picha mle The Narrows, lile korongo jembamba la mto Virgin, saa sita mchana. Nina kamera ya kubadilisha lenzi, tripodi na filta ya ND1000, ile nyeusi ya kukata mwanga. Maji yametoka meupe tupu kama pamba, ukuta wa juu umeungua kwa mwanga, chini kote rangi ya bluu. Mwezi ujao tunapiga kambi Calf Creek, hapa hapa Utah. Niweke shata ngapi, yaani kamera ibaki wazi muda gani, na ninunue filta gani nyingine? Mke wangu anatumia simu, naye atapata kitu?

JIBU: Salama ndugu yangu, na asante kwa kuweka maelezo yote, maana wengi wanauliza tu "setingi gani" halafu hata hawasemi walipiga saa ngapi, na kwenye makorongo saa ndo kila kitu.

Shida yako haijaanzia kwenye shata, imeanzia kwenye hiyo saa sita. Mle The Narrows kuta zinapanda mpaka kama mita 300 na sehemu nyembamba kabisa upana wake ni kama mita 6 hadi 9 tu, sasa jua la utosini likiingia unapata ukuta wa juu unawaka na huku chini kiza, ukipima mwanga wa chini juu kunaungua, ukipima wa juu chini hakuonekani kitu, na hakuna kamera itakayovibeba vyote viwili kwa picha moja. Halafu ndo ukaongeza ND1000. Hiyo filta inakula stopu 10, na kila stopu moja inapunguza mwanga nusu. Juani kwa ISO 100 (wepesi wa kamera kupokea mwanga) na f/16 (tundu dogo la lenzi) shata inakaa kama 1/100 ya sekunde, ukiifunga filta hiyo unafika kama sekunde 10, na sekunde 10 kwa mto unaokimbia maana yake mawimbi yote, michirizi yote, vimefutana juu ya mwenzake umebaki weupe. Itunze tu, itakufaa kwa ziwa au mawingu, ila kwa mto ule ni kali mno.

Kwa hiyo usinunue ND nyingine kwanza, tafuta kivuli. Ukiwa kivulini chini ya korongo, f/11 na ISO 100, kamera yenyewe itakupa shata ya kama robo sekunde bila filta yoyote, ukiongeza polaraiza (filta ya kuzungusha inayokata mng'ao) inakula stopu moja na nusu mpaka mbili hivi, tayari upo karibu na sekunde moja. Ndo shata nzuri hiyo na hujafanya chochote zaidi ya kusubiri jua liondoke.

Na kivuli chenyewe si kivuli chochote. Mwanga mzuri kuliko wote mle ndani ni pale jua linapopiga ukuta wa upande wa pili huko juu, wewe na mto mko kivulini, lile jiwe la mchanga jekundu linarudisha mwanga wa rangi ya chungwa unashuka mpaka kwenye maji, basi maji yanang'aa dhahabu upande mmoja na bluu ya anga upande mwingine. Ukiona hivyo simama hapo hapo, usiende mbele. Toa kwenye fremu ile sehemu inayopigwa na jua moja kwa moja, acha tu inayopokea mwanga uliorudi. Waiti balansi (ile setingi ya kusawazisha rangi ya mwanga) usiiache oto, maana oto inajitahidi kuifuta hiyo rangi uliyoifuata, weka ya jua, kama 5200K. Ile bluu uliyopata imekuja kwa sababu kivuli chako kilikuwa kinaangaziwa na anga peke yake, na hizi ND kali nyingi zinaongeza rangi yake juu.

Polaraiza ndo filta ninayokushauri ununue, nunua ya kutosha lenzi yako yenye mdomo mkubwa halafu lenzi ndogo unazitafutia ringi za kuiunganishia. Inaondoa ule mng'ao mweupe juu ya mawe yaliyolowa, rangi ya mwamba inatokea. Ila izungushe taratibu huku unaangalia kioo, ukiizungusha mpaka mwisho inaweza kufuta na ile dhahabu juu ya maji.

Sasa namba, maana najua unazitaka. Maji ya kasi yanayopita kati ya mawe anza na 1/8 mpaka nusu sekunde. Maporomoko ya chini ya Calf Creek yana kama mita 38, hapo jaribu robo mpaka sekunde moja, fika mapema kabla jua halijapiga ukuta au subiri likishaondoka. Povu linalozunguka polepole kwenye dimbwi ndo linataka sekunde 4 mpaka 15, hapo ND64, nyepesi kuliko yako, ina kazi. Watoto wakirusha maji panda 1/1000. Ila usizikariri, kinachoamua ni maji yametembea kiasi gani ndani ya fremu shata ikiwa wazi, ukivuta zumu maji yale yale yanataka shata fupi zaidi. Piga, kuza picha kwenye kioo, ukiona nyuzi nyuzi za maji bado zinahesabika uko sawa, zikiungana punguza muda nusu. Piga RAW (faili ghafi la kamera) na shusha eksipoja, yaani mwanga wa picha, kidogo, kama -0.7, weupe wa povu ukishaungua haurudi.

Tripodi mtoni: fungua kwanza vipande vinene vya miguu, usipandishe nguzo ya katikati, zamisha miguu kwenye mchanga mpaka igome, zima kitulizaji cha mtikisiko kisha tumia taima ya sekunde 2. Lenzi usibadilishie mtoni. Jioni kambini suuza miguu na maji safi, zile chenga za mchanga zinakula kufuli zake.

Na hili naomba ulichukulie kwa uzito kuliko picha, una watoto. Mafuriko ya ghafla kule hayahitaji mvua ipige kichwani kwako, inanyesha mbali juu huko mto unakuja umejaa. Msimu wake mkubwa ni Julai mpaka Septemba. Asubuhi angalia tahadhari kabla ya kuingia, The Narrows inafungwa mto ukizidi futi za ujazo 150 kwa sekunde, pia tahadhari ya mafuriko ikitolewa, na inabaki imefungwa mpaka yapite masaa mawili baada ya tahadhari kuondolewa. Maji yakibadilika tope, ukaona vijiti vinaelea, ukasikia ngurumo, acha hata tripodi panda juu. Hema msiweke kwenye mkondo mkavu hata ukiwa na mchanga mzuri kiasi gani. Na maji ya Virgin River msinywe hata kwa kichujio, wamegundua mle bakteria wenye sumu.

Shemeji na simu yake atapata, tena vizuri. Kama ni iPhone awashe Live Photo, aegemeze simu kwenye jiwe isitikisike, akishapiga achague kwenye picha lile chaguo la mwanga wa muda mrefu (Long Exposure). Kama ni Android yenye mode ya pro (ya kuweka setingi mwenyewe) aingie humo, ISO ya chini kabisa, shata robo sekunde, taima. Kivulini tu lakini, juani itaungua kama yako.