Fundi Anajibu: Printa Moja, Kompyuta Tatu na Flashi Inayozunguka Nyumba Nzima

SWALI: Dada fundi, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nyumbani tuna kompyuta ya mezani yenye Windows 10, ipo sebuleni, nayo imeunganishwa kwa waya na printa ya Epson L3110. Mimi nina laptopu yangu, na mwanangu aliye chuoni ana yake ya Windows 11. Intaneti tunapata kwa ruta ndogo ya laini ya simu. Kila tukitaka kuchapa, kazi inahamishwa kwa flashi. Juzi flashi hiyo ilirudi kutoka steshenari na virusi, mafolda yote yakageuka njia za mkato (shortcut). Mwanangu anataka tuuze printa tununue ya Wi-Fi. Baba yake anasema tukianza kurushiana mafaili kwa Wi-Fi, bando halitafika hata Ijumaa. Tufanye nini? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Printa msiuze. Ni kweli L3110 haina Wi-Fi, lakini kompyuta iliyoungwa nayo inaweza kupokea kazi za wengine wote nyumbani na kuzichapa. Mnachohitaji tayari mnacho.

Na baba asihofu kuhusu bando. Faili likitoka kwenye laptopu yako kwenda kompyuta ya sebuleni, linafika kwenye ruta na kugeukia humohumo ndani. Halipandi kwenye laini ya simu, kwa hiyo kampuni ya simu haina cha kuhesabu. Namba ambazo ruta inazigawia kompyuta zenu, zile zinazoanza na 192.168, zimetengwa kwa matumizi ya ndani tu. Subirini siku bando limeisha kabisa, kisha mchape mtihani wa kurasa ishirini kutoka chumbani. Utatoka. Natamani kila nyumba yenye kompyuta mbili ingelijua hili, kwa sababu naona watu wazima wakijitumia faili kwa barua pepe, megabaiti zinapanda hadi ng'ambo na kurudi, wakati kompyuta ya pili iko mita tatu kutoka walipokaa.

Kwanza niimalize ile flashi. Kazi zako huenda hazijapotea. Virusi vya aina hiyo huyaficha mafolda halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yaleyale, ukibofya unavisambaza. Msibofye kitu. Ichomekeni, muiskani kwa programu ya kuua virusi, kisha mfungue Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, na kuandika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ambapo E ni herufi ya flashi yenu. Mafolda yataonekana tena. Hamisheni kazi, futeni njia za mkato, halafu flashi hiyo ibaki kuwa ya kwenda steshenari tu.

Sasa kwenye kompyuta ya sebuleni. Ipeni jina fupi lisilo na nafasi, tuseme MEZANI, kwa kupitia Settings, System, About. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya mtandao muangalie Wi-Fi yenu imewekwa kundi gani. Mara nyingi mtakuta "Public", yaani Windows inadhani mko hotelini au stendi, hivyo inajificha. Wekeni "Private", kwenye kompyuta zote tatu. Hapa ndipo watu wengi wanapokwama: wanafanya mengine yote sawasawa, kompyuta hazionani, wanailaumu ruta. Baada ya hapo, kwenye "Advanced sharing settings" washeni vitu viwili, "Network discovery" na "File and printer sharing".

Printa sasa. Kwenye orodha ya printa za kompyuta hiyo bofyeni jina lake, mchague "Printer properties", siyo "Properties" peke yake, mwende sehemu ya "Sharing" na kutia alama kwenye "Share this printer". Iiteni EPSON. Majina marefu yenye nafasi na alama huleta usumbufu baadaye.

Suala la nenosiri linahitaji maelezo kidogo, kwa kuwa linakatisha tamaa kuliko yote. Laptopu ikigonga mlango wa MEZANI itaulizwa jina na nenosiri. Watu huandika ile PIN ya tarakimu nne wanayofungulia kompyuta, inakataliwa, wanarudia mpaka wanachoka. PIN inafanya kazi kwenye kompyuta ileile tu, haivuki mtandao. Na akaunti isiyo na nenosiri Windows haiiruhusu kuingia kutoka kompyuta nyingine. Wengine huzima kabisa ulinzi wa nenosiri. Mimi sipendi njia hiyo, na Windows 11 Pro ya toleo la 24H2 kwa kawaida haikubali tena kuingia kama mgeni asiyejulikana. Fanyeni hivi: kwenye MEZANI fungueni Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, muandike net user familia * /add. Itawauliza nenosiri, mtaliandika mara mbili bila kuona herufi zikitokea, na hapo mtakuwa na akaunti iitwayo familia kwa kazi hii tu. Mkiulizwa kwenye laptopu, jina ni MEZANI\familia. Tieni alama ya kukumbukwa, haitauliza tena.

Kwenye laptopu, wekeni kwanza draiva ya L3110, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, kutoka tovuti ya Epson. Hapa bando litatumika, ila ni mara moja. Kisha bonyezeni kitufe cha Windows pamoja na R, andikeni \\MEZANI, na printa itaonekana. Bofyeni mara mbili.

Ikiwa itakataa na kuonyesha namba 0x0000011b, msishtuke. Mwaka 2021 iligunduliwa dosari kubwa katika sehemu ya Windows inayosimamia uchapaji, ikapewa jina PrintNightmare, na Microsoft ikakaza mlango kwa masasisho yaliyofuata. Tangu Septemba mwaka huo namba hiyo imekuwa ikijitokeza pale ambapo kompyuta moja imesasishwa na nyingine haijasasishwa. Mtaambiwa na watu muingie kwenye rejista ya Windows (Registry), inakohifadhiwa mipangilio yake ya ndani, mzime ulinzi huo. Nawaomba msifanye. Sasisheni kompyuta zote mbili kwanza. Ikiendelea kukataa, ongezeni printa kwa mkono kama printa ya palepale, mchague kutengeneza "Local Port" mpya, na kwenye jina la poti muandike \\MEZANI\EPSON. Laptopu itatumia draiva yake yenyewe na kazi itakwenda.

Vivyo hivyo akitokea mtu wa kuwashauri muwashe SMB 1, njia ya zamani ya Windows ya kushirikishana mafaili, ili kompyuta zionane, mkatalieni. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilipita kwenye mlango huohuo wa zamani, kikafunga mafaili ya hospitali na ofisi katika nchi nyingi, tena bila mtu kubofya chochote. Ndiyo maana Windows mpya huja bila hiyo SMB 1. Na maelekezo yanayotaja HomeGroup, njia ya zamani ya kuunganisha kompyuta za nyumbani, yaacheni. Microsoft iliiondoa kwenye Windows 10 mwaka 2018. Hiyo Windows 10 yenyewe usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kama kompyuta ya sebuleni ina uwezo wa kupokea Windows 11, ipandisheni.

Mafaili ni rahisi zaidi. Tengenezeni folda moja kwenye MEZANI, mwende kwenye sifa zake ("Properties"), "Sharing", na mumpe mtumiaji familia ruhusa ya kusoma na kuandika. Folda moja. Msishirikishe diski C nzima, maana virusi vikiingia kwenye laptopu moja vitafika kote ambako laptopu hiyo ina ruhusa ya kuandika. Kwenye laptopu bofyeni folda hiyo kwa kitufe cha kulia mchague "Map network drive", ipewe herufi Z, itakaa pale kama diski ya kawaida.

Mwalimu, jambo moja kwako wewe binafsi. Mitihani ambayo wanafunzi hawajaifanya isikae kwenye folda ya familia. Mwanao namwamini, lakini marafiki zake wanaokuja na laptopu zao na kupewa nenosiri la Wi-Fi siwajui. Mitihani ibaki kwenye laptopu yako, na kwenye diski ya nje unayoichomeka wakati wa kunakili tu kisha unaichomoa na kuifungia kabatini. Folda ya pamoja si nakala ya akiba: akifuta mmoja, imefutika kwa wote.

Kumbukeni pia kwamba MEZANI ikilala, printa nayo imelala. Wiki za mitihani zimeni "Sleep". Umeme ukikatika laptopu zitaendelea, ila kuchapa kutasubiri.

SWALI: Salaam aleikum dada. Niko Mombasa, nina printa ya Wi-Fi na ruta ya fiba. Kila stima zikipotea na kurudi, kompyuta inasema printa iko "Offline" ingawa imewaka na Wi-Fi inaonyesha. Naifuta, naiongeza tena, inakubali mpaka stima zipotee tena. (Mfanyabiashara, Kisauni)

JIBU: Waaleikum salaam kaka. Printa haina ugonjwa. Ruta ikizimika na kuwaka hugawa namba upya, na printa yako huenda ikapewa 192.168.1.7 wakati kompyuta bado inaitafuta kwenye 192.168.1.4. Unapoifuta na kuiongeza unaifundisha kompyuta namba mpya, basi.

Dawa ni kuifungia printa namba yake. Chapa ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa. Utaona namba ya sasa na anwani ya MAC, utambulisho wa printa yenyewe, jozi sita za herufi na tarakimu. Ingia kwenye ruta kwa kivinjari, tafuta sehemu ya DHCP, ile inayogawa namba, na humo uhifadhi namba moja kwa ajili ya MAC hiyo. Halafu ongeza printa kwenye kompyuta kwa kuandika namba hiyo, usiiache kompyuta iitafute yenyewe. Na kama ruta yako inatoa Wi-Fi mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5, printa nyingi za bei ya kawaida huiona ya 2.4 peke yake.

SWALI: Fundi, nimepanga Sinza, wapangaji wote tunatumia Wi-Fi ya mwenye nyumba. Jana printa yangu ilitoa wasifu (CV) wa mtu nisiyemjua. Ananiibia wino? (Mpangaji, Dar es Salaam)

JIBU: Sidhani ameiba. Yupo jirani anayetafuta kazi, simu yake imeiona printa yako kwenye orodha naye akaichagua. Lakini kama yeye anaiona printa, huenda na mafaili unayoshirikisha yanaonekana, kwa hiyo hilo lifanyie kazi leo. Haya niliyomweleza Mwalimu kuhusu "Private" hayakuhusu wewe. Kwenye Wi-Fi ya nyumba nzima acha "Public" na uzime kushirikisha mafaili.

Ukitaka printa na kompyuta zako zionane zenyewe kwa zenyewe, nunua ruta yako ndogo yenye uwezo wa kupokea Wi-Fi ya nje, wengine huandika WISP kwenye boksi. Ipokee intaneti ya mwenye nyumba upande mmoja, vifaa vyako vikae upande wa pili kwa jina na nenosiri lako. Wewe utatoka nje, wao hawataingia. Kisha kwenye printa futa ile Wi-Fi ya zamani, na uangalie Wi-Fi Direct: izime, au uiwekee nenosiri jipya, maana hiyo printa huirusha yenyewe hata bila ruta. Na wasifu wa jirani mpelekee, usiusome.